Uzi Unaoondoka, Kijiti Kinachobaki

Kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, karibu na mahali Ziwa Kivu linapomwaga maji yake kuelekea kusini, taka za plastiki zinazoshuka kutoka kwenye mitaa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukusanyika mbele ya mitambo kiasi kwamba watu hulazimika kuziondoa ili mji usikose umeme. Kwa sababu hiyo, ninapoanza somo la polima kwa wanafunzi wa famasia hapa mjini, karibu wote wanakuja na wazo moja, kwamba polima ni kitu kisichooza. Kuhusu chupa na mifuko hawajakosea. Lakini katika vyumba vya upasuaji vya mji huuhuu kuna polima ambayo kazi yake ni kuoza, tena kuoza kwa ratiba, bila kuondoka mapema na bila kukaa kupita siku zake.

Tofauti iko kwenye kifungo kimoja cha kemia. Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia. Mfuko wa polithini una uti wa kaboni tupu, na maji hayana pa kuushikia. Polima zinazowekwa mwilini kwa muda, hasa zile za asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, zimeungwa kwa vifungo vya esta, na kila kifungo cha esta ni mahali ambapo molekuli ya maji inaweza kuingia na kuukata mnyororo. Si kila esta hukatika kwa urahisi. Chupa ya maji ya kunywa nayo ni ya poliesta, lakini ile ina pete za benzini na minyororo iliyobanana hivi kwamba maji hayapenyi, ndiyo maana inafika Ruzizi ikiwa nzima. Kwa hiyo anayesanifu polima ya tiba huanza kwa kuchagua kifungo, na akishachagua kifungo amechagua muda. Maoni yangu ni kwamba muda huo umepimwa kwa ustadi mkubwa kwa kuutazama mwili, na kwa uzembe kidogo kwa kuutazama mji, barabara na zahanati ambako mwili huo unaishi.

Tuanze na uzi wa kushonea, kwa kuwa ndio polima ya namna hii iliyoingia katika miili mingi zaidi ya watu wa Kivu. Kwa vizazi vingi madaktari walitumia uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au wa ng'ombe. Mwili huumeng'enya uzi huo kwa vimeng'enya vyake, na kwa kuwa vimeng'enya hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa, na huongezeka palipo na usaha, uzi ulikuwa na tabia ya kulegea mapema kwenye kidonda kilekile kilichouhitaji zaidi. Polima ya asidi ya glikoliki, ilipofikiriwa kwa matumizi ya kawaida ya viwandani, haikufaa kwa sababu unyevu uliiharibu. Kasoro hiyo ndiyo iliyowavutia watu wa upasuaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyuzi zake zilikuwa tayari sokoni. Uzi unaotumika sana siku hizi, poliglaktini 910, una sehemu 90 za glikolidi (itokanayo na asidi ya glikoliki) kwa sehemu 10 za laktidi (itokanayo na asidi ya laktiki). Baada ya wiki 2 mwilini unabaki na takribani asilimia 75 ya nguvu zake, baada ya wiki 3 nusu, baada ya wiki 4 robo, na nyuzi zenyewe hutoweka kati ya siku ya 56 na ya 70.

Tazama kwamba nguvu huondoka kabla ya uzito. Mnyororo mrefu ukikatwa mahali pamoja tu katikati, uwezo wake wa kuvutwa umepungua sana, lakini hakuna chembe iliyotoka mwilini. Uzito huanza kupungua pale tu vipande vinapokuwa vifupi kiasi cha kuyeyuka katika maji ya mwili. Daktari akiuona uzi bado upo asidhani kwamba bado unashika.

Kwa Bukavu jambo hili si la vitabuni. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, imejulikana duniani kwa kuwatibu wanawake, wakiwemo wenye fistula, yaani tundu linalobaki kati ya kibofu cha mkojo na uke baada ya uzazi mgumu au baada ya ukatili. Anayeziba tundu hilo anahitaji uzi utakaoshika mpaka kingo ziungane, kisha uondoke. Uzi usiooza ukibaki ndani ya kibofu huwa kiini ambacho chumvi za mkojo hujijenga juu yake mpaka ukawa jiwe, na mwanamke aliyeponyeshwa fistula anarudi na ugonjwa mwingine. Katika upasuaji huu, kuoza ni sehemu ya tiba.

Mama mmoja kutoka Walungu, akiwa ameshika karatasi yake ya kutoka hospitali, aliniuliza, "Dokta, ule uzi walinishona nao utatokea wapi?" Nikamjibu, "Mama, hautatokea mahali popote, mwili utaumaliza wenyewe." Hakuridhika, na alikuwa na haki, kwa sababu kitu hakiwezi kumalizika bila kwenda mahali. Jibu kamili ni kwamba maji huurudisha uzi kuwa asidi zilezile ulizotoka. Asidi ya laktiki mwili unaifahamu tayari, maana misuli huizalisha kila mtu anapopanda mlima kwa haraka, na huichoma mpaka ikawa hewa ya ukaa na maji. Asidi ya glikoliki nayo hupita njia za namna hiyo, nyingine ikitoka kwa mkojo. Hii ndiyo sababu kubwa ya jamii hii ya polima kutawala fani nzima kwa zaidi ya miaka 50, ingawa zipo nyingine zenye sifa nzuri zaidi kwenye karatasi.

Kinachompa msanifu nafasi ya kucheza ni uwiano. Asidi ya laktiki ina kikundi kidogo cha methili ambacho asidi ya glikoliki haina, na kikundi hicho huyasukuma maji. Ukiongeza laktiki, polima inakunywa maji polepole na kudumu zaidi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, unaofupishwa PLGA 50:50, huisha kwa mwezi mmoja au miwili. Ule wa 75:25 huchukua takribani miezi 4 au 5. Na asidi ya poli-laktiki ya upande mmoja, yaani iliyoungwa kwa umbo moja tu kati ya maumbo mawili ya asidi hiyo yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, ambayo minyororo yake hujipanga kuwa fuwele, inaweza kukaa zaidi ya miaka 2. Urefu wa mnyororo nao una neno lake, na umbo la kifaa pia. Jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka ni kwamba kipande kinene cha PLGA huoza haraka ndani kuliko nje. Asidi inayozaliwa karibu na uso hutoka na kusombwa na maji ya mwili, ila ile ya katikati hunaswa, na asidi iliyonaswa huharakisha kukatika kwa vifungo vinavyoizunguka. Siku ganda linapopasuka, asidi yote humwagika kwa pamoja kwenye tishu na mahali hapo huvimba bila kuwa na kijidudu hata kimoja. Ikiwa ndani mlikuwa na dawa ya protini, huenda ilikwisha kuharibiwa na ukali huo kabla ya kutoka.

Kutoka kwenye uzi, wazo lilihamia kwenye viunzi vya kukuzia tishu. Mwaka 1993 Robert Langer, mhandisi wa kemia, na Joseph Vacanti, daktari wa upasuaji wa watoto, walieleza katika jarida la Science mpango ambao bado ndio msingi: tengeneza kiunzi cha polima chenye matundu, panda seli juu yake, seli zijenge tishu huku kiunzi kikiondoka. Matundu hupatikana kwa njia rahisi ajabu. Polima iliyoyeyushwa huchanganywa na chembe za chumvi, kiyeyushi huachwa kikauke, kisha kipande huoshwa kwa maji, chumvi ikatoka na kuacha nafasi zake. Ukubwa wa chembe za chumvi ndio ukubwa wa matundu. Kwa mfupa hutafutwa angalau mikromita 100 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na mara nyingi zaidi ya 300 ili mishipa ya damu iingie. Ugumu wa kiunzi pia huzungumza na seli. Mwaka 2006 Adam Engler na wenzake walionyesha kwamba seli zilezile za uboho, zikiwekwa juu ya jeli laini yenye ugumu wa chini ya kilopaskali 1, huelekea kuwa na tabia ya neva, juu ya jeli ya kilopaskali 8 hadi 17 huelekea misuli, na juu ya ile ya 25 hadi 40 huelekea mfupa.

Kizuizi ambacho hakuna polima iliyokivuka bado ni damu. Seli iliyo mbali na mshipa kwa zaidi ya mikromita 100 au 200 hukosa oksijeni. Ngozi ni nyembamba, kibofu ni kifuko chenye ukuta mwembamba, kwa hiyo huko ndiko mafanikio yalikotangulia kuonekana. Kibofu kinatuhusu sisi wa Bukavu kwa sababu niliyokwisha kuitaja, na mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake walipochapisha habari za wagonjwa 7 waliowekewa kibofu kilichokuzwa kwa seli zao wenyewe juu ya kiunzi cha kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na mifupa, au cha kolajeni iliyochanganywa na polima ya glikoliki, wengi waliona kama mlango umefunguka. Jaribio jingine la watoto waliozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, lililochapishwa mwaka 2014, halikuonyesha nafuu iliyotarajiwa, na baadhi ya watoto walipata madhara makubwa. Nayataja yote mawili kwa pamoja kwa sababu habari ya kwanza ilisambaa kila mahali na ya pili haikusambaa.

Lipo pia jambo zito zaidi. Mwaka 2011, mjini Stockholm, daktari Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa bomba la hewa la plastiki isiyooza, lililopakwa seli za mgonjwa mwenyewe kwa matumaini kwamba zingelivisha. Mgonjwa huyo alikuwa mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Alifariki mwaka 2014. Seli hazikulivisha bomba. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka 2 na miezi 6 kwa yale aliyowatendea wagonjwa watatu. Nasoma kisa hiki na wanafunzi mwanzoni mwa muhula, kabla ya mlinganyo wowote wa kasi ya kuoza, ili wajue mapema kwamba picha nzuri ya seli juu ya plastiki katika maabara si ushahidi wa chochote kitakachotokea kifuani mwa mtu.

Kwenye ngozi mambo ni tofauti, na hapa nina matumaini ya kweli. Mwanasayansi wa polima Ioannis Yannas na daktari wa upasuaji John Burke, huko Boston, walichapisha mwaka 1981 matokeo ya kiunzi cha tabaka mbili kwa walioungua: chini kolajeni ya ng'ombe iliyounganishwa na kondroitini, aina ya sukari ya mnyororo mrefu kutoka kwenye gegedu la papa, juu utando wa silikoni wa kuzuia maji ya mwili yasipotee. Mwaka 1996 kilipata kibali Marekani. Tabaka la chini hutoa njia kwa seli za mgonjwa, nalo huliwa polepole huku ngozi ya ndani ikijengwa badala ya kovu. Baada ya wiki 2 au 3 silikoni hubanduliwa na kipande chembamba cha ngozi ya mgonjwa huwekwa juu. Kwetu, ambako mtoto huangukia mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, au sufuria ya maji yanayochemka na kuletwa hospitali amechelewa, kovu linalokunja kiwiko au shingo ndilo linaloamua kama atashika kalamu. Ubaya wake ni bei, na ukweli kwamba kiunzi hicho hakivumilii kidonda chenye vijidudu. Huko Fortaleza, Brazili, madaktari walichukua njia ya mkato ya kutumia ngozi ya samaki tilapia iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, ambayo ni kolajeni iliyokwisha kufumwa tayari, wakifunikia nayo majeraha ya moto. Tilapia tunao ziwani. Ninachokipenda katika kazi ile ni kwamba waliotengeneza waliangalia kwanza kilichokuwepo sokoni kwao. Lakini ngozi ile ni kifuniko tu. Haiwi sehemu ya mwili wa mgonjwa, na anayewaambia watu vinginevyo anawadanganya.

Sasa nije kwenye dawa, ambako ndiko ninakofanya kazi na ambako hoja yangu ya muda inauma zaidi. Mwaka 1964 Judah Folkman na David Long walieleza kwamba molekuli ndogo hupenya ukuta wa mpira wa silikoni kidogo kidogo, kwa hiyo ukiijaza dawa ndani ya kifuko cha silikoni una chanzo kinachotoa dozi kwa muda mrefu. Molekuli kubwa kama protini ziliaminika kwamba haziwezi kupita polima yoyote kwa namna hiyo, mpaka mwaka 1976 Langer na Folkman walipoonyesha kwamba zinaweza, kupitia vijia vyenye kupindapinda ndani ya polima ngumu. Wazo la silikoni ndilo lililozaa vijiti vya uzazi wa mpango. Finland ilikuwa ya kwanza kuidhinisha Norplant, vijiti 6, mwaka 1983. Jadelle ni vijiti 2, kila kimoja na miligramu 75 za homoni ya levonorgestreli, kwa miaka 5. Implanon ni kijiti kimoja cha sentimita 4 chenye miligramu 68 za homoni ya etonogestreli, si cha silikoni ila cha ethilini na asetati ya vinili, kwa miaka 3. Wanawake wengi wa Kivu ya Kusini wana kimojawapo chini ya ngozi ya mkono wakati ninaandika haya.

Kwa upande wa fizikia vijiti hivi ni kazi safi. Hakuna kinachooza, dawa hutoka kwa mtawanyiko tu, na kasi inatabirika: Jadelle hutoa takribani mikrogramu 100 kwa siku katika mwezi wa kwanza, kisha hushuka polepole mpaka 30 hivi. Lakini polima isiyooza inadai mtu wa kuitoa. Kukiweka kijiti ni kazi ya dakika chache, na kampeni ya siku moja inaweza kuwafikia wanawake wengi. Kukitoa baada ya miaka 3 au 5 kunahitaji muuguzi aliyefundishwa, wembe safi, ganzi na mwanga, na kunamhitaji mwanamke mwenyewe awe bado anaishi mahali pale. Mwanamke aliyewekewa kijiti Kalehe huenda leo yuko Idjwi, au kambini, au hajulikani alipo. Nimewaona waliokuja kuuliza nani atawatolea kijiti kilichokwisha muda, na sikuwa na pa kuwaelekeza palipo karibu. Aliyeandika "miaka 5" juu ya pakiti hiyo alikuwa anapima dawa. Usalama wa barabara ya Shabunda haukuwemo katika hesabu yake.

Mtu atasema, basi tumieni polima inayooza. Lilifikiriwa zamani. Capronor, kapsuli ya polikaprolaktoni yenye levonorgestreli, ilijaribiwa kwa wanawake kuanzia miaka ya 1980. Polikaprolaktoni ina vifundo vitano vya methilini kati ya esta na esta, hupendelea maji kidogo sana, na huchukua miaka 2 au zaidi kuisha, hivyo kapsuli hubaki nzima muda wote dawa inapotoka. Haikufika sokoni. Ugumu wake unafundisha. Mwanamke akipata damu isiyokoma au akibadili nia, ni lazima kijiti kiweze kutolewa. Kikianza kuvunjika kabla dawa haijaisha, hakitolewi tena na dawa iliyobaki hutoka yote kwa mkupuo. Kikikawia sana baada ya dawa kuisha, hakuna tofauti kubwa na cha silikoni, na mwanamke akirudia mara mbili tatu atakuwa na maganda matatu mkononi. Nafasi ambayo msanifu anatakiwa kuipiga ni kati ya siku ya mwisho ya dawa na siku ya kwanza ya kulegea. Chembe duara za PLGA zinazodungwa kwa sindano, kama zile za leuprolidi zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa saratani ya tezi dume, zimelikwepa swali hilo kwa kukubali kwamba zikishaingia hazitoki. Kwa saratani inakubalika. Kwa msichana wa miaka 19 mwenye afya, mimi siikubali.

Kisha kuna safari kabla ya mwili. Bukavu iko juu, kwenye mita 1,500 hivi, na hewa yake haiisumbui polima. Lakini mizigo inayopitia Uvira huja kwenye tambarare ya Ruzizi yenye joto, mpaka Kamanyola, ndipo ipande mlima wa Ngomo. PLGA kavu hulainika kati ya nyuzi 40 na 60 za Selsiasi kutegemea mchanganyiko wake, na ikinyonya unyevu kiwango hicho hushuka zaidi. Ndani ya lori lililosimama juani joto hilo si la kubahatisha. Chembe zilizolainika hugandana, matundu hujifunga, na ratiba iliyoandikwa kiwandani haipo tena ingawa chupa inaonekana safi.

Tatizo la kuua vijidudu liko hivyohivyo. Kituo cha afya chenye otoklavu ya mvuke wa nyuzi 121 kinaweza kusafisha karibu kila kitu, isipokuwa uzi na kiunzi cha jamii hii, maana mvuke ni maji na joto, yaani vile vitu viwili hasa vinavyokata esta. Uzi uliofunguliwa na kubaki haurudi kwenye otoklavu, hata kama roho inauma kuutupa. Kiwandani hutumia gesi ya oksidi ya ethilini au mionzi ya gama, na gama yenyewe hufupisha minyororo, kwa hiyo msanifu mwenye busara huanza na mnyororo mrefu kuliko anaouhitaji.

Yote haya yanapimika hapa. Kasi ya kuoza haihitaji mashine ya mamilioni: mizani nzuri, kipima asidi, maji ya chumvi yaliyotulizwa kwenye kiwango cha asidi (pH) cha 7.4, beseni la nyuzi 37, na kipimo cha mnato cha kioo kinachoonyesha mnyororo unavyofupika hata kabla uzito haujapungua. Umeme ukikatika beseni hupoa, kwa hiyo kipima joto kinachojiandikia ni lazima, na saa za baridi huondolewa kwenye hesabu. Tukifanya hivyo na chembe zilizopita Uvira wakati wa kiangazi na zilizopita wakati wa mvua, tutakuwa na mkunjo wa kuoza, yaani grafu ya kasi yake, ambao mtengenezaji wa Ulaya hana, na tunaweza kumwambia aongeze laktiki kiasi gani, au afunge pakiti yake na kikausha unyevu cha uzito gani, kabla hajatuletea shehena inayofuata.